Makaratasi ya Watu

Mume wa Mama Mapacha alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hospitali haina dawa yake: akiona karatasi, mikono inamwasha mpaka aitie plastiki. Kazi yake ilikuwa kibanda cha fotokopi mbele ya ofisi za wilaya. Mashine ya fotokopi ilikuwa ya tajiri, kiti cha tajiri, hata mwavuli wa kukinga jua wa tajiri, lakini ile mashine ndogo ya kutia plastiki ilikuwa yake mwenyewe, kainunua kwa jasho lake. Basi alitia plastiki vyeti vya kuzaliwa, leseni na picha za marehemu. Nyumbani alitia plastiki kadi za kliniki za mapacha, kalenda ya ukutani, na ratiba ya mgao wa maji ambayo maji yenyewe hayajawahi kuisoma. Mtaa ukamwita Nailoni. Naye akaitika, angefanyaje?

Walikaa kwa baba yake, Mzee Karani, ambaye jina lake hilo lilitokana na kazi na likabaki hata kazi ilipokwisha. Alikuwa karani wa ofisi ya tarafa mpaka ofisi ilipofungwa, na wakubwa wapya wakaamuru makaratasi yote yatupwe shimoni yachomwe. Mzee aliyabeba kwenye baiskeli mpaka nyumbani usiku na mchana, mkewe akidhani ameingiwa na wazimu. Watu waliposikia kwamba Karani ana sanduku kubwa la bati lisiloingiwa na mchwa, nao wakaleta ya kwao: mikataba ya mipaka, hukumu za baraza, barua za waliokwenda migodini wasirudi. Sanduku likajaa, likaongezewa la pili, na chumba cha mbele kikawa cha makaratasi. Mapacha walilala na wazazi wao, mmoja kichwani mmoja miguuni, na Mama Mapacha alikuwa hajanyoosha mgongo tangu wazaliwe.

Kwa hiyo siku ile alipobisha hodi binti mmoja kutoka Hifadhi ya Nyaraka, mwenye miwani na kikohozi cha vumbi, akasema serikali inakusanya makaratasi ya zamani ya familia na ya ofisi za vijijini, Mama Mapacha hakufikiria historia. Alifikiria chumba.

Dada wa Nyaraka alifungua sanduku la kwanza akaduwaa. "Mzee, haya yote ulikuwa nayo wewe?"

"Ya watu," alisema Mzee Karani. "Mimi natunza tu."

"Tutayaweka kwenye maboksi yake, rafu yake, na juu tutaandika jina lako. Mkusanyo wa Mzee Karani. Mtu akitaka kusoma, hata mjukuu wa kitukuu, atalikuta pale."

Mzee alivuta koti lake akafunga kifungo cha juu, kifungo ambacho hakikuwa kimefungwa tangu mazishi ya mkewe. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, anaona mwanga na vivuli, basi. Alichokuwa anakitaka duniani kilikuwa kimepungua mpaka kikabaki hicho kimoja: aikabidhi amana ya watu mahali pa kueleweka kabla ukungu haujaziba kabisa.

Mlangoni, dada wa Nyaraka alimshika Mama Mapacha mkono. "Dada, nakuomba. Msiguse chochote. Kamba, pini, mikunjo, hata vumbi, viacheni hivyohivyo. Jumatatu nakuja na gari."

"Hatugusi," alisema Mama Mapacha, huku pacha mmoja akilia ndani na mwingine, kwa mshikamano, akijiandaa kulia.

*

Jumamosi Mzee alipelekwa kwa binti yake anayekaa karibu na hospitali ya macho. Hajafika hata kona, Nailoni akaingia na mashine yake kwapani, uso unang'aa kama aliyeletewa zawadi.

"Mama Mapacha, washa pasi."

"Pasi ya nini? Nguo zimeshapigwa."

"Tunamfanyia mzee jambo. Watu wa serikali wanakuja, halafu wakute makaratasi yamekunjwakunjwa kama vitumbua vya jana? Tunayanyoosha, tunayatia plastiki, moja moja. Yule dada atazimia kwa furaha."

"Yule dada alisema tusiguse."

"Tusiguse maana yake tusichafue. Kwani mimi nachafua? Mimi ndiye dawa ya uchafu. Wewe umeona cheti nilichotia plastiki kikaoza?"

Mama Mapacha hakuwa ameona. Alikuwa pia amefua tangu alfajiri, mgongo unamuuma, na alijua kubishana na mume wake juu ya plastiki ni sawa na kubishana na jogoo juu ya asubuhi. Akatia mkaa kwenye pasi.

Wakafanya kazi. Yeye anafungua kamba, anachomoa pini zilizoota kutu, ananyoosha, anapiga pasi. Nailoni anapitisha kwenye mashine, karatasi inaingia mzee inatoka kijana. Harufu ya plastiki ya moto ikajaa nyumbani mpaka jirani akauliza kupitia dirishani kama wanapika ndoo. Nailoni akacheka, akaimba, akayapanga kwa urefu: marefu na marefu, mafupi na mafupi. Mkewe alikuwa hajamwona na furaha kiasi kile tangu siku alipoinunua ile mashine, na akaionea huruma furaha yenyewe, akaendelea kupiga pasi.

Tatizo likawa moja tu. Karatasi nyingi za zamani zilikuwa fulskepu, ndefu kuliko mifuko ya plastiki. Zilichungulia chini kama miguu ya mtu mrefu kwenye kitanda cha mtoto.

"Zikate chini," alisema Nailoni.

"Chini kuna wino."

"Wino gani? Madoa tu hayo. Maneno yote yako juu."

Mama Mapacha akakata. Vipande vikarundikana miguuni mwake, na mkaa wa pasi ulipofifia, akavitumia vipande hivyohivyo, pamoja na kamba na nyuzi zilizofunguliwa, kuuchochea. Viliwaka vizuri mno, karatasi kavu ya miaka.

Jumapili mifuko ikaisha, sanduku la kwanza limemalizika na la pili limeliwa nusu. Kilichobaki kilikuwa vijibarua vidogovidogo na stakabadhi zilizochakaa. Nailoni akavitazama kama daktari anayemtazama mgonjwa asiyeweza kulipa. "Hivi vitatuaibisha," akasema, akavisukuma chini.

*

Mzee Karani alirudi Jumapili jioni na habari kwamba daktari wa macho naye anavaa miwani minene, kwa hiyo wameoneana huruma. Akavua viatu, akaenda moja kwa moja chumba cha mbele. Nailoni akamfuata nyuma kwa ncha za vidole, akimkonyeza mkewe.

Mzee akafungua sanduku, akaingiza mkono.

Hapa inabidi ieleweke jinsi yule mzee alivyokuwa anafanya kazi. Macho yalipoanza kumkimbia, aliyahamishia kwenye vidole. Familia ya mhunzi walileta yao yamekunjwa mara tatu na kufungwa kwa uzi wa gunia. Ya yule mkunga yalikuwa yamevingirishwa kama sigara. Ya mwenye kinu yalikuwa na pini mbili, moja imepinda. Karatasi nyingi hazikuwa na jina la aliyezileta, na hakuwa ameandika popote, maana kwa nini aandike kitu anachokijua? Angeingiza mkono tu, akatoa, akasema: hii ya fulani, aliileta mwaka wa nzige.

Mkono ukaingia. Ukateleza. Ukatoka na kipande kigumu, laini, baridi. Akakipapasa upande huu, akageuza, akapapasa ule, akakirudisha, akatoa kingine. Kile kile.

"Hii nini?"

"Karatasi zako, baba!" Nailoni hakuweza kujizuia tena. "Nimezitia plastiki. Zote! Sasa hata mvua ije ndani, hata mapacha wamwage uji, hazifanywi kitu."

Mzee akatoa nyingine. Na nyingine. Alizipapasa haraka haraka sasa, kama mtu anayetafuta kiberiti gizani.

"Hii ya nani?"

Nailoni akaisoma. "Inasema... 'aliyetajwa hapo juu amekubali.'"

"Nani aliyetajwa?"

"Hapo juu pameandikwa 'mlalamikaji'."

"Walalamikaji walikuwa wilaya nzima," alisema Mzee. "Uzi wake ulikuwa wa rangi gani?"

 Uzi ulikuwa kwenye jivu. Mzee akafunga sanduku polepole, akaketi juu yake, mikono magotini.

"Umefanya kazi kubwa," akamwambia mwanawe.

Nailoni akatabasamu, kisha akamtazama mkewe, na tabasamu likaanza kuondoka lenyewe bila kuagwa.

*

Jumatatu gari la Nyaraka likaja. Mzee alikuwa ameketi barazani tangu asubuhi, koti limefungwa mpaka shingoni, na amewaalika majirani wawili wawe mashahidi wa makabidhiano. Pengine alitumaini kwamba ofisini wana njia zao. Nailoni hakwenda kibandani. Alivaa shati la Idi na Krismasi kwa pamoja, lile linalovaliwa kwa kila jambo.

Dada wa Nyaraka alifungua sanduku. Alitoa karatasi ya kwanza, ikammulika usoni kwa jua. Akatoa ya pili. Akachuchumaa, akatazama yote yaliyopangwa kwa urefu, kisha akavua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na kitu.

"Nani amefanya hivi?"

"Mimi," alisema Nailoni, kifua mbele. "Bure kabisa. Kwa ajili ya serikali."

"Kaka yangu." Sauti yake haikuwa ya ukali, ilikuwa ya mtu aliyeyaona haya katika nyumba nyingi. "Gundi ya plastiki hii inayeyukia ndani ya karatasi. Haitoki. Ukiivua, unavua na maandishi. Ukiiacha, karatasi inageuka njano na kupasuka humo humo ndani. Hatupokei. Hata ningetaka, mkubwa wangu atayarudisha."

"Lakini vyeti vya watu—"

"Cheti ukikiharibu, mtu anaomba kingine. Hivi hakuna pengine pa kuviomba." Akageuza karatasi. "Na chini? Sahihi ziko wapi? Vidole viko wapi? Wengi hawakujua kuandika, walikuwa wanaweka dole gumba hapa chini."

Nailoni akamtazama mkewe. Mkewe akatazama sakafu. Jirani mmoja, fundi cherehani ambaye hakualikwa kwa hekima yake, akamnong'oneza mwenzake kwa sauti iliyofika mpaka kwenye gari: "Kwa hiyo ametengeneza vitambaa vya mezani." Mwenzake akakohoa ili asicheke.

Dereva akapiga honi. Dada wa Nyaraka akachimba sanduku la pili mpaka chini, akakuta vile vijibarua visivyotiwa plastiki. Akavigusa kwa upole. "Hivi naweza kuvichukua, Mzee. Ni boksi moja dogo. Jina lako tutaliandika vilevile."

"Usiandike," alisema Mzee Karani.

"Mzee, ni heshima yako."

"Heshima ya kutunza nini? Hivi viache kwanza. Nina ya watu mkononi. Mtu hapeleki zawadi serikalini na deni la jirani liko mfukoni." Akasimama, akapapasa fimbo yake. "Nikimaliza kurudisha, nitakuita."

Gari likaondoka na maboksi yake matupu yakigongana nyuma.

Wakati huo ndipo Nailoni alipomgeukia mkewe, chini chini, jikoni. "Si ungeniambia!"

"Nilikwambia alisema tusiguse."

"Ulisema mara moja! Kitu kama hicho mtu anasema mara moja?"

"Ningesema mara ya pili ungeacha?"

 Nailoni akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akafunika uso kwa shati lake la sherehe, na Mama Mapacha hakupata nguvu ya kumgombeza wala ya kumbembeleza. Pacha mmoja akaja akaketi miguuni kwa baba yake, akamgusa goti, akaenda zake.

*

Wakaanza kurudisha. Mama Mapacha alibeba makaratasi kwenye begi la shule, Mzee akamshika bega. Kila asubuhi kabla ya kutoka Mama Mapacha alimsomea, yeye akisikiliza amefumba macho, mpaka neno moja, jina la kijito au la ng'ombe, limpe mwenye karatasi. "Simama. Hiyo ya mhunzi." Mengine hayakumpa kitu, yakarudi sandukuni kama watoto waliokosa wa kuwachukua shuleni.

Ajabu ni kwamba watu walifurahi. "Loo, Mzee! Umetunza mpaka na nailoni umetia!" alisema mwenye kinu, akaitundika yake ukutani saa ileile, juu ya saa. Mke wa mhunzi alisema sasa inafaa hata kuwekea sufuria ya moto. Na kila aliyeuliza mbona chini pamekatwa, Mzee alijibu kabla Mama Mapacha hajavuta pumzi:

"Nimekata mimi. Macho haya, unajua tena."

"Uzee, Karani, uzee," walisema, wakimpiga bega. Wengine walimwonea huruma. Wengine, walipodhani ameshafika mbali, walisema ndiyo maana serikali haikuchukua, mzee kachanganyikiwa siku nyingi.

"Kwa nini unasema ni wewe?" Mama Mapacha alimuuliza njiani.

"Mumeo anakula kwa makaratasi ya watu. Nani atampelekea cheti chake tena akisikia? Mimi sina kibanda." Akapumzika kidogo, akiegemea fimbo. "Twende. Jua linanichoma utosi."

Mama Mapacha alitembea. Begi lilikuwa jepesi zaidi kila nyumba, lakini bega lililoshikwa na mkono wa mzee lilizidi kuwa zito.

Nyumba ya mwisho siku ile ilikuwa ya bibi mmoja mjane, msuka mikeka, ambaye mumewe alikufa kabla Mama Mapacha hajazaliwa. Karatasi yake ilijulikana mara moja kwa jina la marehemu lililoandikwa kwa herufi kubwa. Bibi aliipokea kwa mikono miwili. Hakuitazama juu kulikoandikwa. Alishuka chini moja kwa moja, akapitisha kidole kwenye ukingo, akarudi, akapitisha tena.

"Kidole chake kiko wapi?"

"Shemeji," alianza Mzee Karani, "ni mimi—"

"Hapa palikuwa na kidole cha mume wangu. Kilikuwa na kovu katikati, alijikata na shoka. Nilikuwa nakuja kwako, Karani, unanitolea, nakitazama, narudi kwangu. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Sasa kiko wapi?"

"Macho yangu, shemeji, nilikata bila—"

"Ni mimi," alisema Mama Mapacha.

Mkono wa mzee ukambana bega. Hakunyamaza. "Si baba, bibi. Baba hakuwepo hata. Nilikata mimi kwa mkasi wangu, nikachochea pasi kwa vipande. Niliambiwa nisiguse, nikagusa. Nilikuwa nimechoka." Alishangaa jinsi neno hilo lilivyokuwa dogo lilipotoka nje. "Sina kitu kingine cha kusema. Nilikuwa nimechoka."

Bibi alimtazama muda mrefu, kisha akamtazama Karani, ambaye sasa alikuwa ameinamisha kichwa kama mtoto aliyeshikwa akidanganya. Kuku akapita katikati yao akidonoa.

"Na wewe, Karani, siku zote hizo unatembea kusema ni wewe?"

Mzee akachokoa ardhi kwa fimbo.

"Mzee mzima." Bibi akaketi chini kwenye mkeka uliokuwa haujakwisha, akaiweka karatasi mapajani. "Wewe mkwe unajua kusoma?"

"Najua."

"Basi soma. Mimi nilikuwa natazama kidole tu. Maneno yake sijawahi kusomewa. Niliona haya kuuliza."

Mama Mapacha akachuchumaa. Plastiki ilikuwa inang'aa kwa jua, ikabidi aiinamishe huku na huku kukamata maneno. Ilikuwa hukumu ya baraza, ndogo, ya karani mwenye mwandiko safi: kwamba mtajwa alitozwa faini ya kuku mmoja kwa kuchelewa kufika kwenye kazi ya barabara, siku ya pili mfululizo, na alipoulizwa sababu hakutoa sababu yoyote ila alicheka.

 Mabega ya bibi yakaanza kutikisika, na Mama Mapacha akaogopa, mpaka alipoona ni kicheko.

"Alicheka! Mbele ya baraza!" Akajifuta macho kwa ncha ya khanga. "Tulikuwa tumeoana wiki ile. Angesemaje? Aseme nini mbele ya wazee wale?" Akamgeukia Karani. "Na wewe ukaandika!"

"Niliambiwa niandike," alisema Mzee Karani. "Nilimwonea wivu."

Bibi akacheka tena, mpaka akakohoa. Kisha akaichukua karatasi, akaipangusa kwa kiganja, akamrudishia.

"Kaniwekee."

"Shemeji, mimi sina tena haki ya kutunza cha mtu."

"Nani amekuuliza haki? Kwangu panavuja."

Mzee akasimama na karatasi mkononi, hajui aiweke wapi. Mama Mapacha alifungua begi. Mapacha walikuwa kwa jirani tangu asubuhi, na bila shaka wameshaanza kulia, na njia ya kurudi ilikuwa ndefu, na chumba cha mbele kilikuwa bado kimejaa.

"Ngoja kwanza," alisema bibi, akaishika ncha ya begi. "Kabla hamjaondoka. Soma tena pale alipocheka."

Mama Mapacha akachuchumaa upya, akaiinamisha karatasi mpaka mng'ao wa plastiki ukaondoka, akasoma.